Kununua Vyakula kwa Jumla Bila Kuhatarisha Afya

Swali: Mheshimiwa Mhariri, sisi majirani watatu hapa Jinja tunataka kuchanga fedha ili tununue vyakula vya mwezi mzima katika maduka ya jumla ya Kikuubo, Kampala. Tuchague nini? – Mama wa watoto wanne.

Jibu: Mama, anzeni na maharage, kwa kuwa yana protini na madini ya chuma, na yakiwa makavu hudumu miezi mingi. Karanga ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Kabla ya kulipa, ombeni gunia lifunguliwe, mchote kiganja kimoja kutoka katikati wala si juu tu, kisha mzitazame kwenye mwanga: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu msizinunue hata mkipunguziwa bei, maana sumukuvu inayotokana na ukungu huo hudhuru ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Jihadharini vivyo hivyo na mahindi. Unga wa posho usiokobolewa una virutubisho vingi kuliko ule mweupe, lakini mafuta ya kiini cha mahindi huufanya uharibike mapema, hivyo nunueni wa wiki mbili tu. Mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A yafichwe mbali na mwanga, ambao huiharibu vitamini hiyo. Chumvi iwe yenye madini joto. Soda za katoni, kwa maoni yangu, ziacheni kabisa. Mkifika nyumbani, yapangeni magunia juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, ili unyevu usiyafikie.