Fundi Akikwambia "Ringi Hizo", Muulize Amejuaje

Mwezi wa nne mwaka jana guta langu, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, lilianza kuchoka. Kile kilima kifupi cha kutoka soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, ambacho siku zote lilikipanda kwa gia ya pili bila maneno, likawa linakipanda kwa gia ya kwanza, linanguruma kama limebeba kontena, na nyuma kuna matenga sita tu ya vibua. Mafuta nayo yakapanda. Petroli ya elfu kumi na tano ilikuwa ikitosha kutwa nzima. Sasa saa saba mchana kijana ananipigia simu: "Shangazi, limekauka."

Kijana huyo ni mtoto wa kaka yangu, ndiye dereva. Mimi kazi yangu ni samaki. Nanunua ufukweni alfajiri, nasambaza Mgandini na Makorora, na guta ni langu. Sikuwa najua lolote kuhusu injini zaidi ya pa kuweka petroli. Mafundi wanalijua hilo kabla hujafungua mdomo. Wanakutazama ushungi, wanatazama viatu, bei inapanda.

Basi nikalipeleka gereji mwenyewe. Fundi alikuwa amekaa juu ya tairi bovu anamenya chungwa. Nikamweleza. Hakuinuka.

"Hizo ringi, mama. Tunafungua injini, tunaweka pistoni mpya, ringi na gasketi. Laki tatu na ishirini, ufundi humohumo. Ukichelewa itakula bloku, halafu usinilaumu."

Bloku ndiyo iliyonitisha. Sikujua bloku ni kitu gani, ila nilijua ni kitu cha hela nyingi. Na wiki hiyo nilikuwa nimepokea zamu yangu ya upatu, pesa iko kwenye pochi. Ningemlipa palepale, isipokuwa tairi la nyuma lilikuwa limepungua upepo, na yeye hafanyi mambo ya pancha. Nikamwambia narudi.

Mzee wa pancha yuko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akainama kutazama tairi la kushoto. Akapeleka mkono karibu na rimu ya tairi, akaurudisha haraka. "Mwanangu, hili tairi lina homa." Akachota maji kiganjani kwenye lile beseni lake la kutafutia matundu ya tyubu, akayanyunyiza kwenye dramu ya breki. Chaaa! Yakapanda mvuke. Akazunguka upande wa kulia, akanyunyiza tena. Maji yakatiririka tu, yakadondoka chini kama kwenye sufuria baridi.

Akapiga jeki upande wa kulia, gia iko huru, akalisukuma tairi kwa kidole. Likazunguka, likazunguka. Upande wa kushoto akalisukuma kwa mikono miwili, likaenda nusu mzunguko likasimama.

Kumbe guta lilikuwa linakwenda huku limeshikwa breki. Dramu ilipofunguliwa, kile kipini kinachozitanua breki shuu kilikuwa kimeshika kutu mahali pake. Ukikanyaga breki shuu zinatanuka, ukiachia hazirudi. Kutu ilitoka wapi? Kutoka kwenye matenga yangu mwenyewe. Barafu ikiyeyuka juu ya samaki wa baharini hutoka na chumvi, bodi la guta lina tundu upande wa kushoto, na tundu hilo lipo juu ya dramu. Mwaka mzima nilikuwa naimwagia breki yangu supu. Msasa, petroli ya kuoshea, breki shuu mpya, grisi kidogo sana kwenye kipini: elfu ishirini na nane. Jioni ileile likapanda Deep Sea kwa gia ya pili.

Tangu siku hiyo nina swali moja kwa kila fundi: umejuaje? Siliulizi kwa ukali. Nauliza kama mtu anayetaka kujifunza, na kweli nataka kujifunza. Fundi mwenye jibu hufurahi kuulizwa. Atakuita usogee, atakuonyesha, atakushikisha kitu mkononi. Asiye na jibu atakwambia ana uzoefu wa miaka kumi na tano.

Kama ni ringi kweli, yaani zile pete zinazoizunguka pistoni, zina dalili zake, na zote unaweza kuonyeshwa. Oili inapungua bila kuvuja popote. Plagi ikitolewa imelowa oili, nyeusi, inateleza. Plagi ya injini nzima huwa na rangi ya kahawia iliyopauka. Moshi ni wa bluu. Halafu muulize huo moshi unatoka saa ngapi, maana hapo ndipo pesa ilipo. Ukitoka asubuhi unapowasha tu, puu, kisha ukakata, mara nyingi ni sili za vali, kazi ndogo kuliko ringi. Ukitoka mfululizo kila unapovuta mafuta na mzigo uko nyuma, hapo ringi zina kesi ya kujibu. Moshi mweusi ni habari nyingine kabisa: petroli imezidi hewa, angalia eakilina, kile kichujio cha hewa, kama imeziba, angalia choki kama haijaachwa imevutwa. Na kuna kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya injini, kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi, kazi ya dakika chache. Yule bwana wa chungwa hakutoa hata plagi.

Dalili nyingine ndogo ya fundi ninayoiangalia ni tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye vali. Injini nyingi ndogo kama hizi tapeti hupimwa injini ikiwa imepoa, kwa sababu chuma kikipata moto nafasi zake hubadilika. Ukifika injini inaunguza na fundi anakwambia "simama hapo dakika tano nakusetia", mshukuru, mwambie una haraka.

Ningependa niishie hapo nionekane mjanja. Lakini kuna la pili, na hili sipendi kulisimulia.

Baada ya ile breki nikawa mbishi. Kila fundi akisema kitu namwona mwizi. Fundi mmoja wa Makorora, kijana mpole, alilala chini ya guta bila kuombwa, akatoka na vumbi kichwani, akasema: "Mama, krosi za propela zimekauka. Hili ni guta la maji chumvi, ziwekee grisi kila wiki." Krosi ni vile viungo vya propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya nyuma. Nikacheka moyoni. Anauza grisi huyu, makopo nayaona pale kwenye rafu. Nikamwambia kijana wangu twende zetu.

Mwezi wa tisa tulikwenda kuchukua nazi njia ya Pangani. Wakati wa kurudi, tumeshaipita Tongoni, guta limejaa, nikasikia kishindo chini ya miguu kama mtu amepiga sufuria kwa mchi. Krosi ilikatika, propela ikaanguka upande mmoja, ikawa inapiga bodi kwa chini mpaka tuliposimama. Jua la saa nane, nazi nyuma, sisi wawili tunatazamana. Nilikodi guta jingine kuhamisha mzigo, nikalipa la kutuvuta, nikanunua krosi mbili na kunyoosha propela. Kile kikombe cha krosi kilipofunguliwa hakikuwa na tone la grisi. Kulikuwa na unga mwekundu, laini kama pilipili ya kusaga. Ndizo zile beringi nyembamba kama sindano, zimegeuka vumbi.

Kopo la grisi lilikuwa elfu sita.

Nilikosea wapi? Yule kijana alikuwa amelala chini ya guta na ametazama, na mimi nilikuwa na swali langu tayari la "umejuaje", nikaona uvivu kuliuliza. Kwa hiyo sasa napima pia hasara ya kila upande. Fundi akinidanganya kuhusu grisi, nimepoteza elfu sita na guta limelainika bure. Akinidanganya kuhusu kufungua injini, nimepoteza laki tatu, na injini iliyofunguliwa na mkono mbovu hairudi ilivyokuwa. Ushauri wa bei ndogo nauchukua bila kesi. Wa bei kubwa lazima uje na ushahidi, na kipuri kilichotolewa narudi nacho nyumbani kwenye mfuko. Nina mfuko mzima jikoni, mume wangu ameuchoka.

Kuhusu oili, watu wengi hubishana kitabu kinasema hivi, fundi anasema vile. Kitabu cha guta langu kinasema badilisha kilomita 500 za mwanzo, halafu kila 2,000. Fundi wa Makorora (tulishapatana, nilimpelekea samaki) anasema 1,500 kwa kazi yangu, naye namsikiliza. Mzigo mzito, jua la hapa, kuwasha na kuzima kila baada ya duka moja, vyote vinachosha oili haraka. Fundi anayekwambia fanya mapema kuliko kitabu na kukupa sababu inayohusu kazi yako si lazima awe anakutafuta. Dashibodi yangu haihesabu kilomita tena, chumvi imekula waya wake, kwa hiyo nahesabu petroli, ambayo naiandika kwenye daftari hata hivyo. Likiwa na mzigo linakwenda kama kilomita 20 kwa lita. Lita 75 zikifika, zamu ya oili.

Ila kuna aliyeniambia niweke oili ya gari, "oili ni oili, mama, na hii ni bora zaidi." Ile sikuikubali, na nashukuru. Injini ya guta, kama za pikipiki nyingi, klachi yake inaogelea kwenye oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Dawa hiyo ikifika kwenye pleti za klachi, pleti zinateleza badala ya kushikana: injini inalia, guta haliendi, na fundi huyohuyo anakuuzia klachi. Tazama kopo kama limeandikwa JASO MA au MA2, ndicho kipimo cha Wajapani kwa oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii.

Difu, yale magia ya katikati ya matairi ya nyuma, nayo ina oili yake, nzito, wala haichanganyiki na ya injini. Niliambiwa haibadilishwi mpaka ivuje. Tulipoifungua ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yalishaingia. Nikamgeukia kijana wangu. Akatazama chini. Kumbe maji yakijaa huwa analiingiza guta baharini mpaka katikati ya matairi ili wachukuzi wasitembee mbali na boti. Hapo hakuna fundi wa kumlaumu.

Jambo ambalo bado sijaliamua ni la fremu. Mafundi karibu wote wa pwani wanasema paka oili chafu chini kote, kutu haitasogea. Mzee wa pancha anasema oili chafu inalainisha mipira mpaka ivimbe, inadondokea breki, na inashika mchanga wenye chumvi, bora kuosha kwa maji ya bomba kila jioni. Nimewauliza wote wamejuaje, na wote wana magari ya kunionyesha. Basi nusu ya kulia tumepaka oili, mbali na dramu. Nusu ya kushoto, chini ya lile tundu ambalo sasa lina bomba la kupeleka maji nyuma, kijana anaosha kila siku kabla hajanipa hesabu. Vuli ikiisha tutalala wote chini na tochi.