Maswali Yenu: Vinasaba vya uvimbe ndani ya damu

SWALI: Tunatuma damu za wagonjwa wa saratani ya mapafu zikasomwe EGFR, jeni ambayo badiliko lake huweza kuchochea saratani hiyo. Mara mbili tumejibiwa "sampuli haifai", mara moja "badiliko halikuonekana". Tunakosea wapi? Na huyo wa tatu, hana badiliko?

JIBU: Kosa huenda liko kwenye tyubu, si kwenye mashine. Seli zikifa humwaga ndani ya damu vipande vifupi vya DNA, vingi vikiwa na urefu wa jozi za besi 166 hivi. Vya uvimbe ni vichache mno. Damu ikilala kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau, seli nyeupe hupasuka na kumwaga DNA zao, na vile vichache humezwa. Hapo hakuna mashine ya kuvirudisha.

Tyubu ya EDTA izungushwe kabla saa nne hazijapita tangu damu itolewe: 1,600 g kwa dakika 10. (Hiyo g ni nguvu ya mzunguko, si mizunguko kwa dakika, wengi hukosea hapa.) Nyonya plazma, yaani maji ya damu yaliyo juu, bila kugusa tabaka jeupe la seli nyeupe lililo chini yake, hata ikibidi kuacha kidogo. Hamishia tyubu mpya, zungusha tena 16,000 g kwa dakika 10, ndipo ugandishe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Damu nzima haigandishwi. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, kifuniko cha kijani, iacheni kabisa kwa kuwa hukwamisha PCR, njia ya kuzidisha nakala za DNA ili zisomeke.

Kama safari ni ndefu, tumieni tyubu zenye dawa ya kushikilia seli zisipasuke. Damu hukaa humo siku kadhaa kwenye joto la chumba, nje ya friji. Jaza hadi alama, kisha pindua polepole mara 8 hadi 10. Ukiitikisa, umeiharibu.

Sasa huyo wa tatu. Mililita 10 za damu hutoa plazma mililita 4 au 5. Tuseme mmepata nanogramu 30 za DNA. Kila nanogramu ina nakala 300 hivi za jenomu (seti nzima ya DNA), jumla 9,000. Badiliko lililomo katika nakala moja kati ya 10,000 linaweza lisiwemo kabisa kwenye tyubu yenu! Uvimbe mdogo humwaga DNA kidogo, na wa ubongo hata ukiwa mkubwa hauvushi nyingi kwenye damu. Ndiyo maana kipimo cha EGFR cha plazma kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kinaelekeza kwamba asiyeonekana na badiliko apimwe kwa kinyama cha uvimbe.

Hata jibu la "lipo" lina mtego wake, hasa paneli, yaani kipimo kinachosoma jeni nyingi kwa pamoja, ikitumika kwa mzee. Seli nyeupe za uzeeni hubeba mabadiliko yake zenyewe, mara nyingi kwenye jeni za DNMT3A na TET2, nayo husomeka kama ya uvimbe. Kwa hiyo lile tabaka jeupe msilimwage. Ligandisheni kando, lisomwe sambamba na plazma, ili badiliko la seli nyeupe litambulike.