Acheni Kukanda Hilo Titi

Daktari, titi la kushoto limevimba na lina donge. Mama mkwe ananikanda kwa taulo la moto asubuhi na jioni, na kulichana kwa kitana. Donge linazidi tu. – Mama wa wiki tatu, Kayole

Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, aweke taulo chini. Na kitana pia. Swali hili naletewa kila mara na jibu langu ni lile lile. Donge hilo kwa kawaida si maziwa yaliyoganda. Ni nyama ya titi iliyovimba, ikabana mirija kwa nje. Ukiikandamiza unaiumiza, inavimba zaidi, mirija inabanwa zaidi. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, unakataza ukandaji wa nguvu, lakini wakandaji wetu hawana habari.

Funga barafu kwa leso, weka dakika kumi hivi baada ya kunyonyesha. Meza ibuprofeni ikiwa huna vidonda vya tumbo. Kisha lala chali, papasa kwanza juu ya mtulinga na kwapani, halafu pitisha vidole kutoka karibu na chuchu kuelekea kwapa, kwa mkono ule wa kumpapasa mtoto aliyelala. Ngozi tu ndiyo isogee. Ukienda kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, naye akakutoa machozi, vaa blauzi uende zako.

Fizio anataka kunitibu kwa altrasaundi. Si hiyo ni ya kuangalia mimba? – Donholm

Ni mashine tofauti. Ya fizio haipigi picha, inapeleka mawimbi ya sauti ndani ya titi ili uvimbe upungue. Huko Australia hutumika sana, ingawa ushahidi wake bado ni mchache. Kwa hiyo anayekudai ulipie vipindi kumi kabla hajakugusa, huyo yuko sokoni. Muulize leseni ya Physiotherapy Council of Kenya, baraza lililoundwa kwa sheria ya 2014. Na usaha ukishakusanyika, fizio hana kazi hapo, utolewe hospitalini.

Niache kunyonyesha upande unaouma? – Githurai

La. Ila kama unaishi na virusi vya ukimwi, usinyonyeshe upande huo kabla ya kufika kliniki, na ufike leo.

Napampu kila saa ili maziwa yaishe kabisa, mbona titi linajaa tu? – Umoja

Kwa sababu unaliagiza lijae. Mwili hutengeneza kadiri unavyotoa. Mfuate mtoto, utoe anachotaka yeye tu.

Nina homa ya 39, natetemeka. Dukani nimeuziwa vidonge vinne vya antibayotiki kwa bahasha. Vitatosha? – Pipeline

Havitoshi, na aliyekuuzia anajua. Dozi huwa ya siku 10 hadi 14, na anayeiandika ni aliyekupima. Kwa hali hiyo usingoje kesho. Na nyote mnaosoma: donge lisiloisha baada ya matibabu lipigwe picha. Saratani ya titi haiogopi anayenyonyesha.

Nimerudi kazini Industrial Area. Hakuna pa kukamulia ila chooni, na titi limeshavimba mara mbili. – Rongai

Titi linalokaa limejaa kutwa lazima livimbe. Nikikutibu Jumatatu, Ijumaa utarudi limevimba tena. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri aweke chumba chenye pa kunawia, friji, soketi ya pampu na kiti cha starehe. Cha 72 kinakupa hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Chapisha kurasa hizo umpelekee meneja, na mwende wawili au watatu.