Atomu tatu tu zinatoshaje kuitwa elementi mpya?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kuwa elementi namba 113, nihoniamu, ilithibitishwa nchini Japani kwa atomu tatu tu, na hakuna iliyodumu hata sekunde moja. Kitu hakishikiki wala hakipimiki kwenye mizani. Walijuaje kuwa ni 113? (Mwanafunzi, kidato cha sita)

Jibu: Marahaba. Hiyo 113 yenyewe hakuna aliyeiona. Walioonekana ni watoto wake.

Namba ya elementi ni idadi ya protoni katika kiini, yaani kitovu cha atomu, hivyo kuiunda ni hesabu ya kujumlisha: zinki ina protoni 30, bismuthi 83. Tatizo, viini vya zinki na bismuthi vyote vina chaji chanya na vinasukumana. Kundi la Kosuke Morita, katika taasisi ya utafiti ya RIKEN mjini Wako, Japani, lilirusha viini vya zinki kwa takriban asilimia 10 ya kasi ya mwanga, matrilioni kila sekunde, vikapige utando mwembamba wa bismuthi. Utando huo ulibandikwa kwenye gurudumu linalozunguka, maana bismuthi huyeyuka kwa nyuzi 271 tu. Walianza 2003; hadi 2012 walikuwa na atomu tatu. Mimi ningekata tamaa mwaka wa pili.

Kiini kikiungana hutema nyutroni moja, sumaku hukitenga na zinki iliyopita bure, kisha hujichomeka kwenye kigunduzi cha silikoni. Ndani ya milisekunde chache, palepale kilipotua, hutoka chembe ya alfa. Alfa huondoka na protoni mbili, kwa hiyo 113 imezaa 111. Alfa ya pili: 109, mjukuu. Kisha 107, kitukuu, na 105, kilembwe. Kila alfa hupimwa nishati yake na muda iliochukua kutoka.

Ubishi ulikuwa kwa kilembwe, dubniamu-262 (262 ni jumla ya protoni na nyutroni zake). Huyu alishajulikana: mara hutoa alfa, mara hupasuka vipande viwili. Mwaka 2004 na 2005 alipasuka, na kupasuka hakukuambii ukoo. Kitukuu naye, bohriamu-266, alikuwa na kumbukumbu chache mno, ikabidi wamuunde upya kwa sodiamu na kuriamu ili wamjue vizuri. Tarehe 12 Agosti 2012 dubniamu ikatoa alfa, ikawa lawrensiamu-258, nayo ikatoa alfa ikawa mendeleviamu-254. Wote hao ni jamaa wanaofahamika, kwa hiyo ukipanda ukoo huo alfa kwa alfa unarudi hadi 113. Desemba 2015 ugunduzi ukakubaliwa rasmi.

Kuhusu mizani uko sahihi. Hata nusu-maisha (muda ambao nusu ya atomu huoza) ya hiyo nihoniamu-278, ukiikokotoa kwa atomu tatu, ni makisio mapana tu.