Mwanangu, kuhusu Ashoka na watu wa Kalinga

Mwanangu,

Umeniuliza kama Ubudha ungevuka bahari bila Ashoka, yule mfalme wa Uhindi ya kale. Pengine ungevuka, ila polepole. Babu yake, Chandragupta, ndiye aliyewang'oa akina Nanda, wafalme waliomtangulia, na kuusimamisha ufalme wa Maurya pale Pataliputra, mwaka 321 KK hivi. Watawa wakakuta njia zimeshafunguliwa. Wasinhala wa Sri Lanka husimulia kuwa Mahinda, aliyewapelekea dini, alikuwa mwana wa Ashoka mwenyewe. Hayo unayo vitabuni.

Mimi kinachonikaa kooni ni Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki ya Uhindi. Ashoka aliivamia mwaka 261 KK hivi, kisha akachongesha miambani hesabu yake mwenyewe: waliouawa 100,000, waliohamishwa kwa nguvu 150,000, na kwamba anajuta. Lakini nenda Dhauli, ndani ya Kalinga yenyewe. Mwamba upo, matangazo mengine yapo, la majuto limerukwa! Walimwengu wote wamesomewa majuto yake, isipokuwa waliofiwa. Na Kalinga hakuirudisha.

Habari ya minazi ya Muheza, aliyonidhulumu kaka yangu, unaijua. Usiyoijua ni siku ya arobaini ya bibi yako. Baba yako mkubwa alisimama barazani mbele ya watu, akasema amemdhulumu mdogo wake, sauti inatetemeka, wazee wakamshika mkono. Mimi nilikuwa uani napalia makaa juu ya sufuria la pilau, moshi machoni. Habari nililetewa na kijana aliyekuja kuchukua sinia. Kutoka barazani hadi uani ni hatua ishirini. Hakuja.

Nimekwambia tangu utoto wako: radhi huombwa mlangoni kwa uliyemkosea.

Ingawa pale Dhauli, penye lile pengo, Ashoka aliweka maneno mengine: watu wote ni wanangu. Akawaonya maofisa wake wa Tosali, mji wa huko Kalinga, wasimfunge mtu bila haki. Labda aliona kumsomea mjane hesabu ya maiti ni kumtonesha kidonda. Kaka naye kila Idi alileta mchele, anamkabidhi mama yako, anauliza hali, anaondoka. Mchele ni radhi? Mama yako anasema ndiyo. Mimi nilikuwa naula, sikatai.

Tena huyo Ashoka alitangaza hata ya jikoni kwake: zamani walichinjwa wanyama maelfu kwa maelfu, sasa ni watatu tu kwa siku, tausi wawili na paa mmoja, na paa mwenyewe si kila siku. Mtu anayetoa hadharani hesabu ya sufuria lake, na kukiri kuwa paa bado yumo, ni vigumu kumwita mnafiki. Lakini mlangoni hakwenda. Mlangoni, mwanangu!

Kama alitubu kweli, sisemi. Ningesema, ila mama yako amesimama nyuma yangu anasoma kila neno, na mchele wa Idi iliyopita ndio unaotokota jikoni.

Baba yako