BOLD ikipanda 1.5%, ubongo umetumia oksijeni kiasi gani zaidi?

Mkuu, kwa namba hiyo peke yake hakuna anayeweza kukujibu. BOLD, yaani ishara ya MRI inayofuata oksijeni iliyo kwenye damu ya ubongo, hupanda kwa sababu damu mpya inaingia kwa wingi kuliko oksijeni inavyotumika, kwa hiyo himoglobini isiyo na oksijeni inapungua kwenye vena. Matumizi yakiongezeka, BOLD inashuka. Unachokiona ni mabaki ya hayo mawili yakivutana.

Kwa hiyo pima na mtiririko wa damu kwa ASL (njia ya MRI inayoitia damu alama kabla haijafika kwenye ubongo), muda uleule. Kwenye mashine ya MRI ya tesla 3, mwangwi wa kwanza (ishara inayosomwa) uwe mfupi, kama milisekunde 10, kwa ajili ya ASL. Wa pili milisekunde 30 kwa BOLD. Tia damu alama shingoni kwa sekunde 1.8, subiri 1.8 nyingine, ndipo upige picha.

Halafu unahitaji M, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho BOLD ingefika pale mahali. Mvutishe mtu hewa yenye CO2 5%, oksijeni 21%, iliyobaki naitrojeni, kwa dakika kama 3 hivi; CO2 inaongeza mtiririko, na tunachukulia matumizi ya oksijeni hayabadiliki. Tuseme mtiririko umepanda 40% na BOLD 2.5%. Kwa fomula ya Davis (1998), α (inayounganisha mtiririko na ujazo wa damu) 0.2 na β (inayounganisha himoglobini isiyo na oksijeni na ishara) 1.3:

M = 2.5 ÷ (1 − 1.4^−1.1) ≈ 8%

Sasa rudi kwenye jaribio lako, tuseme la mtu kutazama kitu. Mtiririko ukiwa umepanda 50%, BOLD 1.5%, na r ikiwa matumizi ya oksijeni ukilinganisha na kabla ya jaribio:

r^1.3 = (1 − 1.5/8) × 1.5^1.1 ≈ 1.27, r ≈ 1.20

Matumizi ya oksijeni yameongezeka 20%.

Panapoharibika ni kwenye gesi. CO2 inaikimbiza damu shingoni, alama inashika vibaya, ASL inasoma 30% badala ya 40%. M inaruka hadi 10%, na jibu lako linakuwa 24% bila mtu yeyote kushtuka. Piga picha ya kasi ya damu shingoni wakati gesi inaingia, urekebishe. Barakoa nayo ikivuja pembeni ya pua, CO2 anayopumua nje haipandi inavyotakiwa; irekodi mfululizo, usiamini kipimo cha mtungi. Na mwenye hofu hupumua harakaharaka, anaitoa yote. Mjaribishe barakoa nje ya mashine kwanza.

α na β wengine wanatumia 0.38 na 1.5. Ukiandika ripoti bila kuzitaja, namba zako hazilinganishiki na za mtu.