Kwa nini sangara wakubwa wamekuwa adimu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini sangara wanaoletwa hapa Dar es Salaam kutoka Mwanza ni wadogo kuliko wale tuliowazoea zamani, na kama kweli samaki hao wanakwisha ziwani.

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi kwa kuwala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, ambao aina zao nyingi zilitoweka. Kwa hiyo wingi ule tunaoukumbuka haukuwa hali ya kawaida ya ziwa, jambo ambalo wengi hulisahau. Hata hivyo, kupungua kwa wakubwa kuna sababu yake: jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume, na kadiri anavyokua ndivyo mayai yake yanavyoongezeka hadi kufikia mamilioni, hivyo anayevuliwa akiwa chini ya sentimita 50, kiwango ambacho kanuni zinakataza, mara nyingi huwa hajazaa hata mara moja. Makokoro, yaani nyavu za kukokota, na nyavu za macho madogo huwakomba hao, huku wakubwa nao wakisakwa kwa ajili ya minofu na hasa mabondo, yaani vifuko vya hewa vilivyo tumboni mwao, ambayo bei yake huko China humfanya mvuvi asiwaze kumwacha yeyote.

Kukamata nyavu na kuzichoma kumesaidia kwa vipindi, lakini mimi naona mnunuzi anayepokea samaki wachanga naye angebanwa vilevile. Ukienda soko la samaki la Feri, changu wa baharini bado atakufaa zaidi.